Kikombe cha Sita

Dada yangu Asya haamini kitu kisichohesabika. Ukimwambia leo joto limezidi, atakuuliza limezidi kwa digrii ngapi. Ukimwambia fulani ni mtu mwema, atakuuliza umempima kwa kipimo gani. Amefundisha takwimu kwenye chuo kimoja hapa Ibra miaka ishirini na sita, na wanafunzi wamemwogopa miaka yote hiyo. Mimi ni mdogo wake, Badriya, mstaafu wa posta. Tunaishi ukuta kwa ukuta. Wazee wetu walituleta nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja yeye akiwa na miaka saba na mimi nabebwa, na mpaka leo tukigombana tunagombana kwa Kiswahili, maana Kiarabu chetu ni cha kuamkiana na wakubwa.

Nasema haya ili ujue kwamba mambo ninayoyasimulia hayakumkuta mwanamke mwepesi wa kuona majini. Yamemkuta Asya.

Alikuwa na mtoto mmoja, Firas, beki wa kati wa timu ya mpira ya chuo hicho hicho. Miaka mitatu iliyopita, Ijumaa moja ya mvua, Firas alijaribu kuvuka wadi kwa gari. Kwa asiyejua, wadi ni mto ambao karibu mwaka mzima ni mawe makavu, halafu mvua ikinyesha milimani maji huja kwa mara moja, na utayasikia kabla hujayaona. Gari lilipatikana Jumapili. Mle garini alikuwemo pia mwenzake wa timu, Laith, aliyekuwa mwaka wa kwanza, lakini Laith alishuka kabla. Watu walipofika walimkuta amesimama katikati ya barabara, upande wa huku. Alikuja matangani, akapiga magoti mbele ya dada yangu. Asya akamwuliza swali moja tu.

"Ulifanya nini?"

"Nilisimama, khala," akasema, kama vijana wa huku wanavyomwita mama wa makamo.

"Ulisimama tu?"

"Nilisimama tu."

Tangu siku hiyo Asya hakuitikia tena shikamoo ya Laith. Kijana huja kila Ijumaa baada ya sala, hubisha mlango, hunipa mimi mfuko wa mikate au tende, na huondoka. Asya hubaki chumbani mpaka asikie mlango umefungwa. Mimi nilikuwa namwonea huruma yule kijana, lakini aliyefiwa si mimi, kwa hivyo nilikula mikate nikanyamaza.

Basi mwaka huu, msimu ulipoanza, kocha Wadhah alikuja nyumbani na ombi. Wadhah ni mtu mnene, mpole, anayetokwa na jasho hata mwezi wa Januari.

"Ustadha," alimwambia dada, "nataka kujua kila mlinzi wangu anafanya kazi kiasi gani. Macho yangu, wallahi, yananidanganya. Huyu nampenda, yule simpendi. Namba hazina mapenzi. Nihesabie mechi saba. Tukifika fainali kule Sur, wa mwisho kwenye orodha yako atakaa benchi. Khalas, basi."

Asya alikubali kabla hajamaliza kahawa yake. Laith alikuwa sasa mwaka wa mwisho, anacheza pale pale alipokuwa akicheza Firas. Klabu moja ya Sur ilikuwa imetuma salamu kwamba fainali itakuja kutazama mabeki wa kusajili. Asiyecheza siku hiyo atamaliza chuo na mpira wake utaishia hapo. Dada alijua. Nilimwona usoni kwamba anajua.

Namna yake ya kuhesabu aliibuni mwenyewe. Alisema mtu akiandika huinamisha kichwa, na akiinamisha kichwa hupitwa na jambo. Kwa hivyo hakuandika. Alikaa dirishani, kwenye chumba cha juu kinachoelekea uwanja wa chuo, sinia mbele yake, na juu ya sinia vikombe vitano vya kahawa kwa mstari: mabeki wanne na kiungo anayekaa mbele yao. Kila mlinzi akipokonya mpira, akikatiza pasi au akiuondosha mpira golini, Asya hutia kokwa la tende kwenye kikombe chake. Macho hayaondoki uwanjani na mkono unajua njia. Mwisho wa mechi anahesabu, ananakili, na usiku wa kuamkia kesho Wadhah ana jedwali lake kwenye simu.

Makokwa yenyewe ndiyo sikuyapenda. Yalikuwa yale yale ya matanga. Wanawake walipomsomea Firas tahalili walihesabu kwa makokwa ya tende, maelfu yake, na baada ya siku tatu Asya aliyakusanya akayatia kwenye mfuko wa kitambaa. Nilidhani ameyaweka kwa ukumbusho. Nilipoyaona kwenye sinia la mpira nilimwambia.

"Dada, haya yamesomewa maiti."

"Ni makokwa, Badriya. Hayajui yanahesabu nini."

Kazi yangu ilikuwa kupanga vikombe na kummiminia kahawa. Na hapo nilifanya kosa ambalo mtu yeyote wa nyumbani kwetu angelifanya. Mama yetu hakuwahi katika maisha yake kupanga vikombe sawa na idadi ya watu. Lazima kimoja kizidi, cha yule ambaye hajafika, la sivyo utakuwa kama umemfungia mlango. Mkono wangu umelelewa hivyo. Dada aliniambia vitano, nami nikapanga sita.

Mechi ya kwanza tulishinda. Asya akaanza kumwaga vikombe kimoja kimoja na kuhesabu. Alipomaliza cha tano akakiona cha sita, akakiinua.

"Hiki cha nani?"

"Cha mgeni. Nimesahau, nisamehe."

"Mbona kina makokwa manne?"

Nikacheka, nikamwambia umekosea kikombe, umezeeka. Yeye hakucheka. Alitoa simu akaitazama mechi nzima iliyorekodiwa na kamera ya chuo, huku ananinyima chakula cha jioni, na akahakiki kila mpira uliopokonywa. Vikombe vitano vilikuwa sahihi, hakuna kokwa lililopungua. Yale manne hayakuwa ya mtu.

"Na haya yamelowa," akasema.

Niliyagusa. Yale ya vikombe vingine yalikuwa makavu. Haya manne yalikuwa na maji, na yananuka tope la mvua, wakati Ibra haikuwa imeona mvua tangu mwezi wa Aprili.

Mechi ya pili nikapanga vitano kwa makusudi, nikavihesabu mara mbili. Nilipotoka kuchukua birika nikarudi, vilikuwa sita, na sikumbuki kukitoa cha sita kabatini. Mwisho wa mechi kilikuwa na makokwa saba. Mechi ya tatu Asya alikipindua kifudifudi. Makokwa tisa tuliyakuta yamepangwa juu ya kitako chake, moja kando ya jingine. Hapo mimi nilisoma nilichojaliwa kusoma na nikamwambia sirudi tena kwenye chumba kile. Nikarudi, kwa sababu dada alikuwa amenyamaza, na Asya akinyamaza ni wa kuogopwa zaidi kuliko kikombe.

Nilijua anafikiri nini. Anafikiri ni Firas. Mwanamke aliyewacheka wanawake wanaozungumza na picha alianza kukisogeza kile kikombe karibu na mkono wake wa kushoto, taratibu, kama mtu anayemsogezea mtoto sahani.

Wakati huo jedwali likawa linajaa. Mlinzi aliyeongoza alikuwa na mipira arobaini na mmoja. Aliyekuwa wa nne alikuwa na ishirini na tisa. Laith, baada ya mechi tano, alikuwa na sita. Kikombe chake kilikuwa kikavu mpaka unaona maua yaliyochorwa ndani. Asya aliisoma ile sita kwa sauti iliyonitia baridi.

"Anasimama," akasema. "Tazama mwenyewe. Wenzake wanakimbia, yeye anasimama."

Mimi sijui takwimu, lakini posta imenifundisha kuuliza mzigo umefika au haukufika. Nikamwuliza, "Mechi tano tumefungwa mabao mangapi?"

"Mawili."

"Na mwaka jana, Laith alipokuwa ameumia goti, hachezi?"

Akaanza kukusanya vikombe. Aliijua hesabu hiyo kuliko mimi, na hayakuwa mawili.

Mechi ya sita nilichukua kalamu. Sikuutazama mpira kabisa. Nilitega sikio kwenye kikombe cha sita, na kila niliposikia tik ya kokwa kugonga udongo niliandika dakika. Mikono ya dada niliiona yote miwili. Wa kulia ulikuwa unatia makokwa kwenye vikombe vyake, wa kushoto umekamata dirisha. Na tik ikaja hivyo hivyo, dakika ya nane, ya kumi na tisa, ya ishirini. Niliendelea kuandika kwa sababu kalamu ilikuwa kitu pekee cha kukamata.

Baadaye nikaketi naye mbele ya kompyuta, tukaziangalia dakika zile moja moja. Hakukuwa na kitu. Dakika ya nane mshambuliaji wao anakuja na mpira, anainua kichwa, anasita, anarudisha nyuma. Dakika ya kumi na tisa winga anataka kupiga krosi, anaahirisha, mpira unatoka nje. Ya ishirini, mtu amebaki peke yake na njia nyeupe mbele yake, halafu njia si nyeupe tena, anageuka. Mara kumi na moja. Na mara zote kumi na moja, ukitazama pale ambapo mpira haukwenda, utamwona Laith. Amesimama, mikono kidogo imeachana na mwili.

"Dada," nikasema, "kikombe cha sita ni cha huyu."

Asya alifunga kompyuta kwa nguvu. "Hakuna safu kwenye jedwali ya jambo ambalo halikutokea."

"Lakini halikutokea kwa sababu yake!"

"Alisimama siku ile pia, Badriya! Alisimama, na mwanangu akafa. Unataka nimwandikie kusimama?"

Akalia. Miaka mitatu sikuwa nimemwona analia mbele ya mtu. Nilitaka kumshika, akaniondosha mkono. Kesho yake alimpelekea Wadhah orodha, na wa mwisho kwenye orodha alikuwa Laith. Mechi ya saba kocha hakutaka ihesabiwe, tayari tulikuwa tumeingia fainali.

Ijumaa kabla ya fainali Laith alikuja na mikate yake kama kawaida. Alikuwa amekwisha ambiwa. Nilimkaribisha akae, akakataa kwa adabu. Nikamwuliza mlangoni, kwa sauti ndogo, "Mwanangu, siku ile uliposimama, ulikuwa unangoja nini?"

Alitazama viatu vyake. "Hakuna, khala. Nilisimama tu." Akaondoka haraka, na nilihisi kuna kitu amekimeza.

Kwenda Sur tuliondoka asubuhi. Uwanja ule una uzio wa waya upande mmoja, na familia huegesha magari pale zikatazama kutoka ndani. Binti yangu Hajar alikuja kutukuta. Hajar ana miaka ishirini na tatu, anafanya kazi kwenye kituo cha wageni Ras al Jinz, anawaonyesha Wazungu kasa wanavyotaga, na Kiswahili chake ni kama alichokiokota njiani, lakini moyo wake mzuri. Aliingia kiti cha nyuma akatubusu mikono. Asya alikuwa amepakata sinia. Safari hii sikubishana na mkono wangu, nilipanga vikombe sita, birika la kahawa miguuni pangu.

Filimbi ikapigwa. Dakika kumi hazijafika tumefungwa bao. Nusu saa, la pili. Mabeki wetu walikuwa wanakimbia kama waliotiwa pilipili, na vikombe vinajaa, jamani, vinajaa kuliko siku yoyote. Kwa hesabu ya dada ilikuwa mechi bora ya ulinzi ya msimu mzima. Kikombe cha sita kilikuwa kitupu.

"Laith yuko wapi?" Hajar akauliza ghafla. "Mbona hachezi?"

"Benchi," nikasema. "Hesabu za mama yako mkubwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anasimama," alisema Asya bila kugeuka.

Nilimwona Hajar kwenye kioo, uso umebadilika rangi.

"Na kikombe hii kwa nini mmeweka mbali?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza, pengine nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu. Nilimwambia kuhusu makokwa, tope, dakika kumi na moja, na mikono iliyoachana na mwili. Nilipofika hapo akanikatiza.

"Mama, usinipige."

"Nikupige kwa nini?"

"Siku ile ya wadi nilikwambia niko maktaba. Nilikuwa gari ya pili."

Sikuelewa. Hakukuwa na gari la pili. Miaka mitatu hakuna mtu aliyesema gari la pili.

"Nasr alikuwa anaendesha," akasema. Nasr ni mtoto wa ami yake. "Dada zake wawili walikuwemo, na Aseel rafiki yangu, na mimi. Tulikuwa nyuma ya Firas, hatukuona maji kwa mvua. Laith alikuwa katikati ya barabara. Amefungua mikono hivi. Nasr alipiga honi, akamtukana, akasogea mpaka bampa imegusa magoti yake. Hakuondoka. Alisimama tu. Nasr alikasirika akageuza gari. Tulikuwa tumekwisha geuka ndiyo tukasikia maji." Alijifuta uso kwa shela. "Usiku Laith alimpigia Nasr simu. Alisema, mimi leo sikukuoneni. Wasichana wanne na mvulana mmoja garini, watu wataongea. Semeni mlikuwa nyumbani. Na sisi tukanyamaza. Mimi nikanyamaza, mama."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na mikono yangu haikujua ianze na lipi. Miaka mitatu kijana alibeba fedheha ile mlangoni kwetu kila Ijumaa pamoja na mikate, kwa ajili ya jina la mtoto wangu. Na mimi nikala mikate ile.

Asya aliweka sinia juu ya kiti, akafungua mlango, akashuka. Filimbi ya mapumziko ilikuwa imelia. Alitembea kando ya uzio mbele ya wanaume wote wale, akapita geti, akaenda moja kwa moja benchi. Nilimfuata na Hajar amenishika mkono. Milango nilifunga kwa ufunguo.

"Wadhah," dada akasema, na hata wachezaji waligeuka. "Ripoti yangu ina kosa. Kosa langu. Mwingize Laith."

"Lakini, ustadha, namba..."

"Namba nimezisoma vibaya mimi. Mwingize."

Kwa Asya kusema hivyo mbele za watu ni kama mwengine kuvua nguo. Wadhah alifuta jasho akaita jina. Laith alisimama, akamtazama dada yangu, akaingia.

Kipindi cha pili tulikiona kutoka pale uzioni, sisi watatu tumesimama. Sina la kukusimulia, maana hakikutokea kitu. Walikuja wakasita wakarudi. Tulipata bao moja, tukashindwa mbili kwa moja, na watu wa Sur wakapiga ngoma. Jua lilikuwa bado liko juu kidogo ya majengo. Wanaume wawili wenye beji za klabu walikuwa wanamwuliza Wadhah jina la yule aliyeingia mwisho.

Tuliporudi garini nilifungua mlango kwa ufunguo ule ule. Harufu ya tope ilitupiga usoni. Sinia lilikuwa pale juu ya kiti, halikuguswa. Asya aliinua kikombe cha sita akakimimina kiganjani, na maji kidogo yakamchuruzika mpaka kwenye kiko cha mkono.

"Matano," akasema.

Akayapanga moja moja juu ya sinia. "Nasr. Dada zake wawili. Aseel. Hajar." Halafu akatia kidole ndani ya kikombe, akakizungusha, akatafuta. Akakipindua, akakigonga. Akatazama chini ya kiti. Hajar aliziba mdomo kwa mikono yake miwili, na mimi nilielewa dada anatafuta la nani.

Laith alikuwa amekuja mpaka mlangoni mwa gari, bado ana jezi, kutoa shukrani. Aliona makokwa matano na aliona kidole kikitafuta. Sijui alielewaje, lakini alielewa.

"Shikamoo, khala," akasema.

"Marahaba," Asya akaitikia, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, na akanyanyua uso.

"Nilisimama mbele ya Firas pia. Kabla yao. Nilishuka nikafungua mikono hivi hivi." Sauti ilimkatika. "Alicheka, khala. Alirudi nyuma, akanizunguka pembeni. Maisha yangu yote, yeye peke yake ndiye aliyenipita."

Asya alikipangusa kikombe cha sita kwa ncha ya shela yake, akakijaza kahawa, na akampa kwa mkono wake wa kulia. Laith akakipokea kwa mikono miwili, akanywa amesimama.